Fundi kiziwi: nimlipe?

SWALI: Nina karakana ya ushonaji Morogoro, wafanyakazi 24. Nataka kumpokea kijana kiziwi kwa mafunzo ya kazi ya miezi mitatu. Je, nimlipe? Na tutaelewanaje?

JIBU: Mlipe, tena sawa na wanagenzi wenzake, nauli ya daladala haina punguzo la uanagenzi. Siku za mwanzo tafuta mkalimani wa lugha ya alama, na mafundi wajifunze ishara chache: pima, kata, fumua. (Fumua wataitumia sana.) Usimshike bega ghafla sindano ikiwa inakimbia, pita mbele yake, punga mkono. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Basi akiiva, mpe mkataba wa ajira, si miezi mitatu mingine ya mafunzo.