Vidokezo 7 vya kuelewana na serikali, Thika na Ruiru

Kikundi chenu kinazibua mitaro Kiandutu au kinafunza vijana Gatongora, lakini kila mkifika ofisini mnaambiwa "rudini kesho". Jaribuni haya.

1. Jua mlango wa kubisha. Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, taka, masoko, zahanati na chekechea ni kazi ya Kaunti ya Kiambu: anza kwa msimamizi wa wadi. Usalama na vitambulisho ni vya serikali kuu: anza kwa chifu. Ukimpelekea chifu malalamiko ya taka, atakusikiliza kwa adabu, basi.

2. Makaratasi kwanza. Sajilini kikundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii, chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022. Cheti, katiba, orodha ya viongozi na kumbukumbu za mikutano vikae kwenye faili moja. Afisa mwangalifu hatii sahihi kwa kikundi kisichojulikana.

3. Nenda kabla ya shida. Jitambulisheni mapema. Mkipanda miti kando ya Mto Chania, mwalikeni afisa, hata kama hana cha kuwapa. Hodi ya kwanza isiwe ya kuomba.

4. Fuata kalenda ya pesa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na makadirio ya bajeti hutakiwa yafike bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Anayeamka Juni kuomba taa za barabarani amechelewa. Vikao vya wananchi kutoa maoni vikitangazwa, fikeni na maoni yenu yakiwa yameandikwa.

5. Barua moja, ombi moja. Msiandike "tunaomba msaada wa usafi". Andikeni: "Tunaomba lori Jumamosi saa nne asubuhi, libebe taka tulizokusanya nyuma ya soko." Pelekeni nakala mbili, yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Mkitaka habari, kwa mfano pesa za mradi fulani zimefikia wapi, tajeni Sheria ya Kupata Habari ya 2016: ofisi ina siku 21 za kujibu.

6. Chai msitoe, na fulana za chama mzikatae. Ukitoa kitu kidogo leo, kesho utadaiwa kikubwa. Mwakilishi wa wadi (MCA) akija kwenye shughuli yenu, karibu sana. Mpinzani wake naye akija, apewe kiti. Uchaguzi ni Agosti 2027, na kikundi kilichojipaka rangi ya mgombea kinaweza kuanguka naye.

7. Shukuru, kisha jiandae kwa uhamisho. Lori likija, andikeni barua ya shukrani na mpeleke nakala kwa mkubwa wa afisa huyo. Maafisa huhamishwa, kwa hivyo mwenyekiti asiwe ndiye pekee anayejulikana ofisini: katibu na mweka hazina waandamane naye. Akija afisa mpya, rudini na faili lenu wiki ileile.

Urafiki na afisa mmoja huisha akihamishwa. Sifa ya kikundi hubaki ofisini. Wiki hii, kabla hamjaomba chochote, nendeni mjitambulishe kwa msimamizi wa wadi yenu.