SOMO: MALI YA MGENI NA MKONO WA MWANAMKE

Ndugu wanachama,

Husemwa kwamba mali ya mgeni ikifika mahali huleta kazi. Ni kweli. Lakini yafaa tuulize: kazi hiyo hufanywa na nani, na malipo yake hupokewa na nani? Leo na tujifunze kwa wenzetu wa Tabora.

Katika karne ya 19 matajiri wa Kihindi wa Unguja waliwakopesha wenye misafara nguo na shanga, na deni likalipwa kwa pembe za ndovu. Burton na Speke walipofika Kazeh, pale Tabora, mwezi wa Novemba 1857, waliikuta biashara hiyo imekwisha kushamiri. Wanaume wa Kinyamwezi walikwenda pwani kwa upagazi. Baadhi ya wanawake walifuatana nao, wakichukua vyombo na kupika njiani. Wengi walibaki kulima. Nafaka yao, pamoja na ile iliyolimwa na watumwa, wake kwa waume, ndiyo iliyolisha misafara. Lakini ujira ulikuwa wa mwenye mzigo, yaani pagazi.

Misafara imekwisha, lakini mwendo wa mali haukubadilika sana. Mpango wa Waingereza wa kulima karanga Urambo, ulioanza mwaka 1947, ulivunjika mwaka 1951, na baadaye tumbaku ikashika nafasi. Kampuni za kigeni hununua tumbaku kwa mkataba kupitia vyama vya msingi. Mkulima hukopeshwa mbolea, na deni hukatwa sokoni. Mwanamke humwagilia kitalu, huchuma majani, huyafunga na kuyapanga kwa madaraja. Marobota yakisha kupimwa, fedha huingia kwa jina lililoandikwa katika daftari, na mara nyingi jina hilo ni la mume.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania Bara, ya mwaka 1999, yampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Lakini haki isiyoandikwa daftarini hailipwi mezani.

Nasi huku visiwani tujitazame. Nani huokota karafuu chini ya mikarafuu? Nani hukesha akizichambua makonyo? Na siku ya mzani, nani husimama mbele ya karani?

Basi tunashauri mambo matatu. Mke mwenye mikarafuu yake aandikishwe mwanachama kwa jina lake. Ujira wa kuchambua upatanwe kabla ya kazi, wala usiachwe kuwa hisani. Na hesabu ya mauzo isomwe nyumbani, mbele ya wote waliofanya kazi.

Tuyazungumze haya katika mkutano wetu ujao, na wake zetu wawepo.