Mtaji wa Ubia: Pesa Zinazokubali Hasara

Katika makala haya nimekusudia kueleza aina ya mtaji ambayo wengi wetu huisikia tu redioni. Huu ni mtaji wa ubia unaowekwa katika kampuni changa, hasa zile zinazotafuta faida na papo hapo kuwafaa watu na mazingira.

Kwanza, mbona tujisumbue nao? Mjomba wangu ni fundi wa majiko. Alibuni jiko linalokula makaa kidogo, akahitaji mashine ya kukata mabati. Alipokwenda kuomba mkopo aliulizwa swali moja tu: "Hati ya shamba iko wapi?" Hana shamba. Basi mpaka leo anakata mabati kwa mkono, na jiko lake halijulikani nje ya mtaa wetu. Wazo lipo na bidii ipo, ila pesa za aina inayofaa hazikupatikana.

Pesa za kuanzia biashara huja kwa njia tatu. Ya kwanza ni msaada, ambao haurudishwi. Ya pili ni mkopo, ambao hurudishwa pamoja na riba hata kama biashara imekufa. Ndiyo maana mkopeshaji hutaka dhamana. Ya tatu ni ubia. Hapa mwenye pesa hununua hisa, akangojea kampuni ikue.

Tuchukue mfano. Kampuni ya fundi inakadiriwa kuwa na thamani ya shilingi milioni 4. Mwekezaji anatia milioni 1, thamani inakuwa milioni 5, naye anamiliki asilimia 20. Miaka ikipita, kampuni ikauzwa kwa milioni 30, atapata milioni 6. Ikifa, atapata sufuri, wala fundi hatauziwa kitanda. Wahenga walinena kuwa mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mbia huyu ni mla nawe anayekubali kufa nawe, angalau mfukoni! Kwa kuwa kampuni changa nyingi huanguka, yeye huweka pesa katika kampuni kadhaa ili moja ikifaulu ifidie zilizokufa.

Mtindo huu ulipata sura yake kule Marekani. Mwaka wa 1946 Georges Doriot, profesa wa Harvard aliyezaliwa Ufaransa, alishiriki kuanzisha American Research and Development. Mwaka wa 1957 waliweka dola 70,000 katika Digital Equipment, watengenezaji wa kompyuta, wakavuna mamilioni mengi.

Baadaye wengine wakauliza, kwani mtaji huu hauwezi kumfaa maskini? Mwaka wa 2001 Jacqueline Novogratz alianzisha Acumen, shirika linalopokea michango na kuiweka katika kampuni zinazowahudumia watu wa kipato cha chini. Wao huuita mtaji wenye subira. Faida ikirudi, huwekwa katika kampuni nyingine. Mojawapo ya kampuni walizosaidia ni d.light, iliyoanzishwa mwaka wa 2007 na Sam Goldman na Ned Tozun. Goldman alikuwa amejitolea kufanya kazi nchini Benin, na huko mtoto wa jirani aliungua vibaya kwa mafuta ya taa. Ndipo wakatengeneza taa za jua.

Hapa kwetu tunaijua M-KOPA ya Nairobi, iliyoanza kuuza mitambo ya jua mwaka wa 2012. Siku hizo mteja alitoa kama shilingi 2,500, kisha shilingi 40 kila siku kwa mwaka mmoja kupitia M-Pesa. Sasa piga hesabu. Kampuni inamlipa mwenye kiwanda leo, lakini mteja analipa kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Pengo hilo halizibwi kwa haba na haba. Lazima awepo mtu wa kutangulia na pesa nyingi na kungoja. Mwaka wa 2015 wawekezaji wakiongozwa na Generation Investment Management walitia dola milioni 19.

Hata hivyo, tusishangilie kabla ya kupima. Asiyelipa, mtambo huzimika. Mwanafunzi mwenye mtihani kesho hajali kampuni ina wawekezaji wangapi. Yeye anataka taa iwake. Kuhesabu taa zilizouzwa si sawa na kuhesabu watoto walioacha kusoma kwa koroboi. Tena mwekezaji hakai milele. Siku moja atauza hisa zake, na mnunuzi huenda akajali faida tu. Na fundi akiuza zaidi ya nusu ya hisa, kampuni si yake tena hata kama jina lake limeandikwa mlangoni.

Kwa hivyo anayetafuta mbia na aulize: Anachukua asilimia ngapi? Atangoja miaka mingapi? Manufaa kwa watu yatapimwaje, na nani?

Nawageukia wenzangu mnaopeleka miradi kwenye mashindano ya sayansi. Miradi mingi hufia kabatini baada ya cheti kutolewa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni gharama ya kutengeneza kimoja, walionunua, na makaa au mafuta waliyookoa. Mwenye pesa akija, hataulizia hati ya shamba kwanza. Ataulizia daftari hilo.