Palmye ya ndani: namna ya kuihamisha chungu na kuitunza



Katika somo hili tunazungumza juu ya palmye ya ndani, ile yenye mashina mengi membamba na majani kama manyoya ya ndege, ambayo watu wa Goma wanaiweka kwenye biro, hoteli na salon. Asili yake ni Madagaska, na wataalamu wanaiita Dypsis lutescens. Mutauliza: sisi ni watu wa maharagwe na viazi, maua yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa sababu wenzetu wengi hawawezi kuyafikia mashamba yao ya Masisi na Rutshuru kila musimu, lakini pepinyeri inaenea ndani ya parsele, nyuma ya nyumba. Tena muteja wa palmye ni mtu anayelipa.

Shida ni kwamba muti huu unakomaa polepole. Mbegu inakaa miezi 2 au zaidi kabla ya kuota, na baridi yetu ya usiku inaichelewesha tena. Mpaka ifike kimo cha kuuzwa ni miaka. Palmye ikifia kwa muteja ndani ya miezi 6, hatanunua ingine, na jirani yake pia atasikia habari.

Kuhamisha

Angalia chini ya sashe au chungu. Kama mizizi imetokea kwenye matundu, au ukimwaga maji yanapita mbio bila kulowesha udongo, wakati umefika. Kwa kawaida ni kila miaka 2 au 3. Musiwe na haraka, palmye inapenda kubanwa kidogo. Chungu kipya kizidi cha zamani kwa sentimita 5 hivi, yaani vidole vitatu. Wengine wanachukua muche mudogo na kuutia ndani ya bidoni la lita 20 lililokatwa, wakifikiri wanaupa nafasi. Udongo ambao mizizi haijaufikia unabaki na maji siku nyingi, na mizizi inaoza. Fanyeni kazi hii mvua inaporudi, mwezi wa 9 au wa 10, ao mwezi wa 3. Kiangazi cha mwezi wa 6 hadi wa 8 muti unalala, uacheni.

Wanamemba wa upande wa Beni waliokwisha kupanda ngazi wanaijua mizizi ya namna hii. Haiko na muzizi mukubwa wa katikati kama avoka. Ni nyuzi nyingi zinazotoka kwenye kitako cha shina, unene wake karibu sawa. Muzizi wa avoka ukikatwa unatoa matawi. Muzizi wa palmye ukikatwa mara nyingi unakufa wote, na muti unangoja mpaka kitako kitoe mingine. Kwa hiyo hapa panga na makasi havina kazi. Mwagilia jana yake, pasua sashe kwa wembe, beba bonge lote la udongo kwa mikono miwili, usivute shina. Mizizi iliyojizungusha chini ilegeze kwa vidole tu. Kisha weka bonge mahali pake, udongo ufike palepale ulipokuwa zamani. Shina likifukiwa zaidi linaoza, na mizizi ikibaki wazi inakauka.

Kuna kishawishi kimoja: fungu lina mashina 5, basi mtu analigawa apate miche 5 ya kuuza. Kwa mawazo yangu, musifanye hivyo. Mashina madogo yana mizizi michache, mengi yatakufa, na hata lile kubwa litagonjwa.

Udongo ni rahisi kwetu. Chukua vipimo 2 vya udongo mweusi wa bustani, kimoja cha samadi iliyooza vizuri, na kimoja cha vijiwe vya volkano vyenye ukubwa wa punje ya mahindi. Vijiwe hivyo vina matundu, vinapitisha maji na hewa. Watu wa inchi zingine wanavinunua, sisi tunavikanyaga. Lakini vichanganye na udongo, usivitandike chini ya chungu kama wengi wanavyofanya. Maji hayaachi udongo laini kwa urahisi ili yaingie kwenye mawe makubwa, yanasimama juu ya tabaka hilo, palepale mizizi ilipo. Matundu ya chini ndiyo yanayotoa maji. Majivu ya makala musitie. Na mbolea ya duka ingoje miezi 2 kwanza.

Maji

Hapa ndipo palmye nyingi za Goma zinakufia. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvi nyingi za madini na yana ukali wa aina ya magadi: pH yake juu ni karibu 9. Maji ya bomba ya muji yanatoka ziwani humohumo, yametiwa kloru tu. Ukiyaacha usiku kucha ndani ya ndoo, kloru inapungua, chumvi haitoki. Kila unapomwagilia, maji yanapanda hewani na chumvi inabaki ndani ya chungu. Baadaye ncha za majani zinakuwa kahawia, muteja anafikiri ni kiu, anaongeza maji yaleyale.

Maji ya mvua ni bora, na hapo pia kuna jambo. Moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira unatia asidi na fluori ndani ya mvua, zaidi upande wa Rusayo na Sake ambako upepo unausukuma mara nyingi. Palmye hii ni kati ya mimea ambayo fluori inaichoma ncha. Mvua ya kwanza inayoosha vumbi la volkano kwenye mabati imwageni, kinga inayofuata. Aliye na maji ya ziwa tu, amwagilie hivyo, lakini mara moja kwa mwezi akusanye maji ya mvua na kuyapitisha ndani ya chungu, mara 2 ya ujazo wa chungu, mpaka yatoke chini na kumwagika mbali.

Kipimo cha kila siku ni kidole. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Pakiwa pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Pakiwa pabichi, acha.

Kabla ya kuuza

Muti uliolelewa kwenye jua usipelekwe moja kwa moja ndani ya biro. Uweke chini ya kivuli wiki 4 hivi, ukizidisha kivuli polepole. Huko unakoenda usimame karibu na dirisha. Majani ya chini yaliyokauka kabisa yakatwe, ya manjano yaachwe, kwa sababu muti unaendelea kunyonya chakula kutoka kwao. Na ncha ya shina isiguswe hata kama muteja anataka muti mufupi: kila shina lina moyo mmoja, ukikatwa shina limekwisha.

Wakati wa kiangazi geuza majani. Ukiona vidoa vyeupe na nyuzi kama za buibui, ni vidudu vidogo vinavyopenda hewa kavu. Kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, juu na chini ya jani, mara moja kwa wiki kwa wiki 3, kinatosha.

Koperative inaweza pia kukubaliana na muteja kurudi kila miezi 3 kuosha udongo na majani, na kuhamisha chungu mwaka wa pili, kwa malipo yaliyoandikwa siku ya kuuza. Mwenye biro hataki kuchafua mikono, na muti ukianza kuugua mutauona mapema.