Kumfundisha Mbwa Mchanga Kufuata Harufu

Mkazi wa Kaloleni, Nairobi, aweza kudhani kwamba kazi ya mbwa ni kubweka usiku tu. Lakini pua ya mnyama huyu ni chombo cha ajabu. Mtu apitapo, chembe za ngozi yake huanguka chini, na majani aliyoyakanyaga hutoa harufu. Mbwa huzifuata harufu hizo kama sisi tufuatavyo njia kwa macho. Polisi wa Kenya wana kikosi cha mbwa tangu mwaka 1948. Na huko Mara, tangu mwaka 2009, mbwa wa kunusa huwasaidia askari wa wanyamapori kuwafuata majangili.

Anza mbwa wako afikapo miezi mitatu, naye awe amekwisha kuchanjwa kichaa cha mbwa. Mfundishe alfajiri, kabla hajala, penye majani na umande, kwa kuwa jua kali hukausha harufu.

Umshike mbwa. Mwenzio ampendaye aende hatua 20, upepo ukimpiga mgongoni, akiangusha vipande vidogo vya nyama, kisha ajifiche. Mnusishe mbwa nguo ya mtu huyo, mwambie, “Tafuta!” Mwachie kamba ndefu iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani, kamba ya shingoni humkaba na kumwinua kichwa. Akimpata, apewe nyama na sifa papo hapo.

Akizoea, badili jambo moja tu kila mara: refusha njia, au punguza nyama, au weka kona, au ngojea robo saa kabla ya kumwachia. Ukibadili mawili pamoja naye akashindwa, hutajua lililomshinda. Akipotea, simama kimya. Usimvute wala usimpige. Somo lisizidi dakika 10.

Mwisho, wapitishe watu wawili wakate njia ile. Asiyefaulu jaribio hili bado ni mwanafunzi.

Tena tahadhari. Baiskeli ikiibwa, na mbwa wako akasimama mlangoni pa jirani, usipige kelele za mwizi. Huenda alivutwa na chungu cha nyama, na kelele hizo zimekwisha kuwaua watu wasio na hatia. Wapelekee polisi habari hiyo. Pua ya mbwa huonyesha mahali pa kuulizia, haihukumu mtu. Lakini mtoto akipotea jioni, mbwa aliyefundishwa kwa subira aweza kumrudisha kwa mama yake.