Dondoo muhimu: Ukifika kwenye mashimo ya ngozi ya Fez

Magari hayaingii katika mji mkongwe wa Fez, Moroko, kwa hiyo vaa viatu vya kutembelea. Ukisikia mtu nyuma yako akipaza sauti "balak!", jibanze ukutani upesi: punda mwenye mzigo anapita.

Mashimo ya ngozi ya Chouara, yaliyomo katika mji huo, huonekana vizuri zaidi kutoka kwenye roshani za maduka ya ngozi. Wenye duka hugawa matawi ya mnanaa. Pokea tawi ulishike puani, kwani harufu ni kali. Ngozi mbichi hulowekwa kwanza katika chokaa na kinyesi cha njiwa ili nywele zitoke na ngozi ilainike, ndipo ihamie kwenye rangi. Watazame mafundi kwa utulivu: wamezama hadi mapajani, wanazikanyaga ngozi kwa miguu, jua likiwawakia. Ni kazi ngumu mno na inastahili heshima, basi usiwapige picha za karibu bila ruhusa.

Kupanda roshani hakukulazimishi kununua, ila bakshishi ndogo ni uungwana. Ukipenda kitu, kagua mishono, kisha sugua ngozi kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Rangi ikitoka sana, kiache. Bei ni ya mapatano. Makubadhi ya njano ndiyo ningeanza nayo.

Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa. Wasio Waislamu hawaingii kwenye misikiti mingi, lakini madrasa ya Bou Inania hupokea wageni wote kwa kiingilio.