LENZI PANA NA MSTARI ULIONYOOKA

Mpiga picha asimamapo katika njia nyembamba, akitaka kulichukua jengo lote mbele yake, hukuta kwamba kamera yake haitoshi. Akiupata mlango, hulikosa paa. Akirudi nyuma, mgongo wake hugonga ukuta. Hapo ndipo ihitajikapo lenzi pana. Katika filamu ya milimita 35, lenzi ya kawaida ya milimita 50 huona pembe ya digrii 47 hivi, toka kona hadi kona ya picha. Ile ya milimita 21 huona digrii 90 na kidogo zaidi.

Lakini kuona mahali papana si kazi kubwa. Kazi kubwa ni kuonyesha vitu kama vilivyo. Lenzi hafifu hukunja mistari, na nguzo zilizosimama wima huvimba kama ubavu wa pipa. Kwa picha ya harusi jambo hilo huvumilika. Kwa picha ipigwayo toka eropleni ili ichorewe ramani, mpaka wa shamba ukipinda, haki ya mtu imepinda pia.

Zipo kamera ambazo mwenye kupiga hatazami kupitia lenzi. Hutazama katika kidirisha cha pembeni, akazungusha lenzi mpaka sura mbili za kitu kimoja zikutane zikawa moja. Ndivyo umbali upimwavyo. Kwa kuwa ndani yake hamna kioo cha kupinduka juu, lenzi yaweza kuingizwa ndani karibu kabisa na filamu. Kwa hiyo fundi hupata nafasi ya kupanga vioo vyake kwa ulinganifu, vya mbele na vya nyuma vikikabiliana, hata kosa la upande mmoja lisahihishwe na upande wa pili. Katika kamera zenye kioo cha kupinduka, lenzi pana hulazimika kukaa mbali na filamu, na ulinganifu huo hupotea.

Mjuzi mkubwa wa kazi hii alikuwa Mjerumani Ludwig Bertele. Lenzi yake Biogon ya milimita 21, yenye vioo vinane, ilitolewa na Zeiss mwaka 1954 kwa kamera ya Contax, na mistari yake ilinyooka ajabu. Bertele huyo huyo aliitengenezea kampuni ya Wild ya Uswisi lenzi ya Aviogon, ya kupigia picha za ramani toka angani.

Hata hivyo uzuri huo una gharama yake. Mwanga ufikao kwenye kona za filamu huja kwa mshazari, nao hupungua. Kwa hesabu ya kawaida, penye mshazari wa digrii 45 hufika robo tu ya mwanga ulio katikati. Ufundi wa Bertele na wenzake ulipunguza hasara hiyo, haukuiondoa. Wala kubana tundu la lenzi hakuiponyi. Katika kamera za siku hizi zisizotumia filamu, mshazari huo huo huweza kuzitia kona rangi isiyo yake.

Anayetaka kununua lenzi ya namna hii na aijaribu kwanza kwa ukuta wa matofali. Kamera iwekwe juu ya miguu mitatu, ielekee ukuta sawasawa bila kuinama. Ipigwe picha moja tundu likiwa wazi kabisa, na nyingine likiwa limebanwa mpaka 8. Filamu ikiisha kusafishwa, kona zake zichunguzwe kwa kioo cha kukuzia: je, safu za matofali zimenyooka? Je, ukungu wa picha ya kwanza umetoweka katika ya pili? Kona moja ikiwa na ukungu na nyingine tatu ni safi, huenda kioo kimoja kimekaa upande, na lenzi hiyo irudishwe dukani. Bali nyuso za watu waliosimama pembeni zikitanuka, lenzi haina kosa. Mpiga picha ndiye aliyewasogelea mno.